Sungura Wenye Masikio Meusi

Apolline Kavira alijulikana Buhene nzima, pembezoni mwa Goma, kwa mambo mawili: sungura wake na neno lake. Ukimuuliza kama jike fulani ni mzazi mzuri, atakuambia ukweli, hata kama ukweli huo utakupeleka kununua kwa mtu mwingine.

Alizaliwa Butembo, akaletwa Goma angali msichana baba yake alipohamishia huku biashara yake ya vitunguu. Alisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari. Kisha mama yake akaugua, wadogo zake wakahitaji mtu wa kuwapikia, na shule ikaishia hapo. Aliolewa na Kambere, dereva wa lori la njia ya Bunagana, mtu mpole ambaye nyumba yake anaiona kwa nadra kuliko barabara. Binti yao Vanessa sasa alikuwa sekondari, katika sehemu ya biolojia na kemia, na kila jioni Apolline alimsikia akisoma kwa sauti maneno ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuyafikia.

Sungura aliwaanza baada ya lava ya mwaka 2021 kufunika shamba lake la maharagwe. Juu ya mawe yale meusi huwezi kupanda kitu, lakini kibanda cha mbao kinasimama vizuri tu. Alinunua majike wawili sokoni, na dume mmoja mnene wa kijivu akamtoa Rumangabo kwa mama mmoja aliyekuwa anahama. Kutoka kwa hao watatu ndiko walikotoka wengine wote, na wote waliozaliwa walikuwa wa kijivu, rangi ya majivu yaliyochanganyika na udongo.

Ndiyo maana Ruffin alimjia yeye. Ruffin alikuwa mwashi, mtu wa milima ya Masisi, mwenye mikono iliyokauka kwa saruji na sauti ambayo haijui kunong'ona. Walisali katika shirika moja, jumuiya ndogo ya sala ya mtaa.

"Mama Vanessa, mimi natafuta dume na jike, lakini wa kijivu tupu," alimwambia. "Ile nyeupe ya macho mekundu batu wa kwetu banaiogopa. Banasema iko na kitu. Sitaki hata moja kwangu."

"Hawa hawana weupe ndani yao, Papa Ruffin. Baba yao wa kijivu, mama zao wa kijivu. Ninakuapia."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe. Akamchagulia dume na jike wazuri, watoto wa baba mmoja lakini kila mmoja na mama yake, na Ruffin akaondoka nao kwenye kikapu akiwa amefurahi.

Jike yule alizaa vizuri. Lakini katika kiota, kando ya vitoto vyenye ngozi nyeusi-nyeusi, palikuwa na vingine vya waridi kama kidole cha mtoto mchanga. Manyoya yalipoota, vile vya waridi vikawa vyeupe, na macho yalipofunguka yakawa mekundu. Ruffin akasubiri. Kisha, walipotoka kiotani na kuanza kurukaruka bandani, wale weupe wakaanza kuchafuka masikio. Doa kwenye pua, doa kwenye mkia, miguu kama iliyokanyaga makala, makaa ya jikoni. Ruffin alidhani ni vumbi la volkano. Akawaosha kwa sabuni. Weusi haukutoka. Uliongezeka.

Jumapili iliyofuata, shirika lilipokutana nyumbani kwa jirani na sala ikaisha, Ruffin alisimama.

"Mimi nina neno na Mama Vanessa. Aliniapia. Leo kwangu kuna wanyama weupe wenye masikio nyeusi. Hakuna dume wa namna ile kwangu wala kwake. Jike aliniuzisha tayari na mimba ya dume mwingine, asiyejulikana. Ile ni bongo."

Watu wakaangalia chini. Apolline mwenyewe hakuelewa. Alisema tu, "Papa Ruffin, sikukudanganya," kisha akachukua kanga yake, akarudi nyumbani.

Siku zile zilikuwa nzito kwake. Alikwenda bandani akakagua kila ubao, kama kuna tundu ambalo dume la mtu lingeweza kupitia. Aliwaza majike wake mmoja mmoja. Usemi ule, bongo, yaani uongo, ulimwingia vibaya kuliko tusi, kwa sababu ulitoka kwa mtu aliyemheshimu, mbele ya watu aliozoea kuwaongoza kwenye sala.

Vanessa ndiye aliyefungua njia, bila kukusudia. Mama yake alikuwa anamweleza wale sungura walivyo, kama alivyosikia kwa majirani: mweupe, macho mekundu, masikio meusi, pua nyeusi, miguu myeusi, mkia mweusi. Binti akaacha kumenya viazi.

"Mama, huyo tuko naye kwenye biolojia. Prof alimchora ubaoni. Anaitwa himalaya."

"Mnasoma sungura shuleni?"

"Tunasoma alele nyingi. Sungura ni mfano tu."

"Basi nieleze. Anatoka wapi?"

Vanessa akafungua mdomo, akaufunga. "Kusema ukweli, mama, niliandika tu alichosema prof. Nikiulizwa kwenye interro nitaandika vile vile. Lakini kuelewa, hapana."

Kesho yake Apolline alivaa kitenge chake cha kwenda misa, akaenda shuleni kumwona Profesa Cyprien. Alikuta kijana mwembamba, shati limejaa chaki, anakula mkate amesimama kwa sababu baada ya hapo ana darasa jingine. Apolline alimsimulia habari yote. Cyprien aliacha kutafuna.

"Mama, hao sungura wapo kweli? Umewaona kwa macho?"

"Wapo kwa Papa Ruffin. Kwa nini?"

"Mimi nafundisha somo hili kila mwaka na sijawahi kumwona hata mmoja. Nilichora yule aliyechorwa kwenye kitabu, na aliyechora kitabu labda alichora wa kitabu kingine." Akacheka. "Nakuomba kitu. Alhamisi tunarudia somo hilo, kwa sababu darasa zima lilishindwa. Mlete mmoja. Na wewe ukae usikilize."

Kumwomba Ruffin sungura ilikuwa kazi. Apolline hakwenda mwenyewe. Alimtuma Vanessa kwa Donatille, mke wa Ruffin, naye Donatille, ambaye hakupenda kelele ile tangu mwanzo, akatoa mmoja bila kuuliza sana.

Basi Alhamisi Apolline aliketi kwenye benchi la nyuma kabisa, kikapu magotini, magoti yenyewe yakigonga meza iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Wanafunzi waligeuka kumtazama. Vanessa alijifanya anatafuta kalamu.

Cyprien alimtoa sungura akamweka mezani. Wanafunzi wa mbele wakainuka kumwona vizuri.

"Rangi ya huyu inatawaliwa na jeni moja," Cyprien alianza. "Lakini jeni hiyo ina sura zaidi ya mbili. Kila sura tunaiita alele. Kwa sungura tunahesabu nne." Akaandika ubaoni, moja chini ya nyingine, kama ngazi: kijivu juu kabisa, chini yake chinchila, wa rangi ya fedha, chini yake himalaya, na chini kabisa mweupe asiye na doa. "Wa juu akiwepo, wa chini haonekani. Yupo, lakini haonekani."

Apolline alitazama ngazi ile kwa muda. Akainua mkono, polepole, kama alivyofundishwa zamani.

"Prof, kwa hiyo yule wangu wa kijivu anabeba zote nne, na tatu zimejificha?"

Darasa likacheka. Vanessa akazama kwenye benchi lake. Cyprien hakucheka. Aliweka chaki chini.

"Nani mwingine alifikiri hivyo? Semeni kweli."

Kwanza hakuna aliyejitokeza. Kisha mkono mmoja, wa pili, halafu nusu ya darasa. Wa Vanessa ulikuwa miongoni mwa ya mwisho kupanda.

"Aksanti, mama," Cyprien akasema. "Hapo ndipo wote wanapopotelea. Fikirini parking ya pikipiki pale Munigi. Abiria wamejaa, wa kila namna. Lakini pikipiki moja inabeba wangapi?"

"Wawili!" darasa likaitika.

"Wawili tu. Sungura ni vile vile. Huko nje, kwa sungura wote wa dunia, alele ni nne. Lakini ndani ya sungura mmoja nafasi ni mbili: moja kapewa na baba, moja kapewa na mama. Wa kijivu anaweza kubeba kijivu na kijivu. Au kijivu na himalaya. Au kijivu na mweupe. Kwa macho, wote ni wa kijivu tu. Huwezi kuwatofautisha."

Kisha akachora mraba, akaugawa vyumba vinne. Juu akaweka baba wa kijivu aliyeficha himalaya, pembeni mama wa kijivu aliyeficha himalaya. Chumba baada ya chumba wanafunzi wakamwambia cha kujaza. Vyumba vitatu vikatoa kijivu. Cha nne, himalaya juu ya himalaya, kikatoa yule aliyekuwa mezani anatafuna jani la kabichi.

Apolline alisahau kwamba ana magoti yanayouma. Alikuwa anamwona yule dume mnene wa Rumangabo, amekaa kwenye kona yake miaka yote ile na kitu ndani yake. Majike aliowakuta kwake hawakuwa nacho, au angekwisha kuona masikio meusi siku nyingi. Dume akawagawia watoto. Wengine wakapata, wengine wakakosa. Na yeye, kwa mkono wake, akawachukua wawili waliopata, watoto wa baba mmoja, akampa Ruffin.

Kabla kengele haijalia, Cyprien aliwapa swali moja. Mfugaji mmoja anasema baba wa kijivu na mama wa kijivu wamemzalia, kwa mimba moja, watoto wa rangi tatu: wa kijivu, himalaya, na weupe wasio na doa. Je, inawezekana?

Wanafunzi walijibu haraka kwamba ndiyo, maana rangi si ni nne? Apolline alikokotoa kwa kidole juu ya meza. Baba anaficha moja tu. Mama anaficha moja tu. Zikikutana zile mbili zilizofichwa, ya juu ndiyo inaonekana. Kwa hiyo mbali na kijivu, rangi nyingine ni moja tu.

"Haiwezekani," alisema, safari hii bila kuinua mkono. "Kama rangi ni tatu, kuna dume mwingine alipita."

"Kabisa," Cyprien akasema. Na watoto wakageuka tena kumtazama, bila kucheka.

Alitoka pale akitembea kama msichana. Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Ruffin, akamkuta uani anachonga mawe, na Donatille anapepeta maharagwe kando ya mlango. Akaketi, akawaeleza yote, kwa mpangilio, na kwa mawe ya Ruffin mwenyewe aliyoyapanga chini: mawili ya baba, mawili ya mama. Hakuficha upande wake.

"Wale wawili ni wa baba mmoja. Nilijua, na nilidhani mama tofauti inatosha. Haitoshi. Na nilikuapia hawana weupe ndani. Ndani sikuona mimi, hakuna mtu anayeona. Sikupaswa kuapa. Lakini dume mwingine hakuna, Papa Ruffin. Angekuwepo, pengine ungeona rangi tatu. Umeona mbili, kijivu na huyu wa masikio meusi. Wazazi wawili wa kijivu hawawezi kutoa tatu."

Ruffin alikuwa amesikiliza vizuri, vizuri kuliko Apolline alivyotegemea. Aliweka nyundo chini.

"Tatu haziwezekani?"

"Haziwezekani."

"Donatille, lete yule wako."

Donatille alisita, akaingia ndani, akarudi na katoni ya sabuni. Ndani yake kulikuwa na sungura mdogo kuliko ndugu zake, macho mekundu, mweupe kuanzia pua mpaka mkia. Masikio meupe kama pamba.

"Alikuwa mdogo sana, wenzake banamukanyaga," Donatille alisema kwa sauti ya kuomba radhi. "Nilimuonea huruma. Nikamuweka ndani, nyuma ya jiko la makala, toka hana manyoya."

"Mama mmoja, mimba moja," Ruffin akasema. "Kijivu, masikio nyeusi, na huyu. Ni ngapi?"

Apolline alimtazama yule mnyama. Angeweza kubuni jibu lolote, maana wale hawakuwahi kukaa darasani, lakini hakubuni.

"Ni tatu," alijibu. "Kwa somo lenyewe, hapo umenishinda. Nitarudi kuuliza."

Njiani alianza kujishuku mwenyewe. Labda kweli. Labda siku ile Kambere alipoleta lori uani na vibanda vikasogezwa, sungura walichanganyika, na dume la jirani likapenya. Labda yeye ndiye mtu wa bongo bila kujua. Usiku ule Kambere alikuwa nyumbani, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Lakini umemwambia ni tatu. Mwenye kudanganya asingesema." Ilimsaidia kidogo.

Cyprien naye, alipoambiwa, alikuna kichwa. Hakujifanya anajua. Aliomba siku mbili tatu, akaenda kusoma kwa simu pale kwenye mtandao wa rafiki yake, na aliporudi alikuwa anacheka peke yake.

"Mama, nimefundisha nusu ya habari miaka yote hii. Huyu himalaya, weusi wake unategemea baridi. Mahali mwili unapopoa, masikio, pua, miguu, mkia, ndipo manyoya meusi yanapoota. Akilelewa kwenye joto, anabaki mweupe. Huyo mdogo alikuwa wapi?"

"Nyuma ya jiko la makala."

"Basi mtoeni nje na ndugu zake. Baridi ya Buhene inamtosha. Akiwa mweupe wa kweli, atabaki mweupe hata mvua imnyeshee. Akiwa himalaya, manyoya mapya yatasema."

Kumshawishi Ruffin haikuwa vigumu. Mtu yule alipenda jambo la kupimwa, kama ukuta unavyopimwa kwa kamba. Aliyesumbua ni Donatille, aliyemtandikia yule mdogo nyasi maradufu na kwenda kumchungulia kila saa. Kisha wakaacha siku zipite. Apolline aliendelea kwenda shirikani, akakaa nyuma, akamwachia mwingine kuongoza sala. Wengine walimsalimu kama zamani, wengine walimsalimu kwa haraka.

Manyoya ya kitoto yalianza kunyonyoka msimu wa mvua ulipokolea. Asubuhi moja Donatille alikuja mwenyewe, miguu imejaa tope, hata kubisha hakubisha.

"Mama Vanessa, njoo uone. Masikio."

Palikuwa na kivuli tu, kama mtu amempaka masizi kwa ncha ya kidole, pembezoni mwa masikio na juu ya pua. Ruffin alikuwa amechuchumaa mbele ya banda. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akasugua sikio. Akatazama kidole. Kilikuwa safi.

"Wiki ijayo itakuwa nyeusi zaidi?" akauliza.

"Nadhani hivyo. Siapi."

Ruffin akacheka, kicheko kikubwa kilichowashtua sungura wote. Kisha akafuta kidole kwenye suruali, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini, jambo ambalo Apolline hakuwahi kulisikia.

"Ile neno nilisema mbele ya batu. Nitaitoa mbele ya batu."

Alifanya hivyo. Jumapili, baada ya sala, alisimama akasema alimwita Mama Vanessa mtu wa bongo na amekosea; kwamba mambo ya alele yeye hajayaelewa yote, lakini ameelewa kwamba mama huyu, alipoona kitu kinachompinga, alikikubali kabla ya kukijua. Apolline alitamani Ruffin akae chini haraka. Mama mmoja akaanzisha wimbo, na hilo likamwokoa.

Sungura wale Ruffin hakuwapenda hata hivyo. Aliwaacha kwa Donatille, akamwomba Apolline amtafutie dume kutoka mbali, asiye ndugu. Apolline alimpata, wa kijivu. Jike akazaa wa kijivu watupu, na Ruffin akaja kutangaza kwamba sasa weupe umekwisha kwake. "Haujakwisha," Apolline alimwambia. "Umekaa tu. Baadhi yao wanao." Ruffin alitikisa kichwa, akaondoka akinung'unika kwamba shule ni nzuri lakini haimpi mtu raha.

Apolline hakuacha benchi la nyuma. Kila Alhamisi, kama hakuna mgonjwa wala mazishi, alikuwa pale. Mkuu wa shule alikuja kuuliza mama huyu ni nani, Cyprien akajibu kwamba ndiye anayeuliza maswali ambayo wengine wanaona haya kuuliza, na mkuu akaondoka. Siku ya interro, jaribio la darasa, Cyprien alipogawa karatasi alimpa na yeye moja, kwa utani. Yeye hakuichukua kwa utani. Aliandika mpaka mwisho, ulimi umebana kwenye kona ya mdomo.

Vanessa alipata tisa juu ya kumi. Apolline alipata saba. Jioni ile mama na binti waliketi na karatasi zao kati ya sahani, sombe ya majani ya muhogo ikipoa.

"Hapa umeandika kati ya watoto wanne lazima mmoja awe mweupe," Vanessa alisema. "Siyo lazima, mama. Ni wastani. Anaweza asitoke hata mmoja."

"Najua. Kwa Ruffin walitoka watatu kwa mara moja."

"Sasa kwa nini uliandika lazima?"

Apolline aliangalia lile neno, mwandiko wake wa miaka ya zamani, herufi zimelala kulia.

"Nilikuwa na haraka," alisema, akalikata kwa kalamu, ingawa alama zilikwisha kutolewa, na juu yake akaandika lililo sahihi.